Kamera Zilibaki, Kumbukumbu Ikaenda

Jumatatu moja ya mwaka 2022 nilifungua duka langu la spea za magari Kirinyaga Road, Nairobi, ile ambayo sisi wa zamani bado tunaiita Grogan, nikaona jua limelala juu ya kaunta. Duka lile halina dirisha hata moja. Nikainua macho: bati limefunuliwa kama kifuniko cha sufuria, na dari chini yake imekatwa kwa msumeno, mraba ulionyooka, kazi ya mtu asiye na haraka. Nozo za dizeli zilikuwa zimekwenda zote. Sensa za oksijeni, zimekwenda. Pampu za mafuta, zimekwenda. Breki padi na filta hawakuzigusa. Waliokuja walijua kilicho chepesi kubeba na rahisi kuuza.

Kamera zangu nane zilikuwepo, kila moja mahali pake. Nikashukuru Mungu, nikaenda ofisi ya nyuma kuangalia picha. Juu ya kabati palipokuwa na ile mashine ya kurekodi, DVR, nilikuta mstatili usio na vumbi na waya zinaning'inia, zimekatwa kwa plaisi.

Polisi aliyekuja kutoka kituoni alikuwa kijana mpole. Aliandika maelezo, akanipa namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo, kisha akauliza, "Mama, picha ziko wapi?" Nikamwonyesha ule mstatili.

Swali hilo ndilo limenifanya niandike haya, kwa sababu kila wiki mtu wa mtaa wangu ananiuliza kamera gani anunue, nami naona anaanza pale pale nilipoanzia. Wenye maduka tunanunua macho. Tunauliza yako mangapi, yanaona umbali gani, yanaona gizani au hayaoni. Kumbukumbu ya macho hayo tunaiweka juu ya kabati, ndani ya duka lile lile linaloibiwa.

Baada ya wizi nilizunguka Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki, siku mbili nzima. Kila duka nililoingia niliambiwa habari za megapikseli. Nilipouliza picha zinalala wapi, wengi walinijibu, "Kwa simu yako, mama, utaziona popote ulipo." Jibu hilo linapoteza watu wengi. Kuona kwenye simu ni kuchungulia dirishani. DVR ya kawaida pia inakuonyesha duka lako kwenye simu ukiwa Machakos au Dubai, lakini picha zenyewe bado zinaandikwa kwenye diski iliyo juu ya kabati. Ikibebwa diski, dirisha linafunguka kwenye chumba kitupu.

Kamera za wingu, au za klaudi kama vijana wa Luthuli wanavyosema, hufanya kitu kingine. Picha inatoka dukani muda huo huo inapochukuliwa, inapita kwenye faiba, inakwenda kulala kwenye kompyuta za kampuni zilizo mbali na duka. Mwizi akiing'oa kamera yenyewe, sura yake akiwa anapanda ngazi kuing'oa imeshaondoka. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, na kwangu mimi inatosha. Mengine yote ya wingu yana gharama, na gharama ya kwanza ni intaneti.

Tufanye hesabu pamoja. Kamera ya megapikseli mbili inayobana picha kwa mtindo wa H.265 huhitaji kama megabiti 2 kwa sekunde ikirekodi bila kupumzika. Kwa saa moja hiyo ni megabaiti 900. Kwa siku ni gigabaiti 21.6. Kamera nane ni gigabaiti 172 na ushei, kila siku ya Mungu, zote zikitoka nje. Neno la kushika hapo ni kutoka. Kifurushi changu kilikuwa cha megabiti 20, nikadhani nina nafasi. Nilipopima kwa simu nikisimama kando ya ruta, kupakua, yaani kuingia, kulikuwa 20, kupakia, yaani kutoka, 6. Kamera nane zinataka 16. Na vifurushi vingi vina kikomo cha matumizi, ukikivuka wanapunguza kasi, na siku hiyo hata risiti za kodi za eTIMS zinakawia.

Kwa hiyo sikupeleka kila kitu winguni. Kamera zote nane zina kadi ya kumbukumbu ndani, zinarekodi mfululizo humo humo. Tano kati yake, zile za mlangoni, kaunta, stoo na mbili za darini, zinapeleka winguni vipande vya matukio tu: kitu kikisogea, kipande kinapanda. Usiku duka limefungwa, hakuna kinachopaswa kusogea, kwa hiyo njia iko wazi. Mtu mwenye faiba ya biashara ambayo kupakia na kupakua ni sawa anaweza kupeleka vyote, na nikimwona namwambia apeleke. Mtu anayetumia ruta ya laini ya simu apime kupakia saa nne asubuhi, saa nane mchana na saa tatu usiku kabla hajalipa hata shilingi.

Jambo moja dogo kuhusu matukio. Wiki ya tatu simu ilinilia saa nane usiku. Moyo ulinidunda mpaka mume wangu akaamka. Nikafungua kipande: nyuzi nyeupe zinang'aa na kuyumba mbele ya lenzi, na katikati yake buibui, mkubwa kama trekta. Zile taa ambazo kamera hutumia kuona gizani huvuta wadudu, na wadudu huvuta buibui. Alinipigia mara kumi na moja usiku ule. Nimeona wenye maduka wakizima arifa kabisa kwa sababu ya buibui, na mtu aliyezima arifa amerudi kwenye mashine ya juu ya kabati. Sasa kila Jumamosi kabla ya kufunga, kijana anapanda ngazi na kitambaa kikavu anafuta lenzi zote. Ile mikanda ya feni niliyokuwa nimeitundika mbele ya kamera ya kaunta niliihamisha, na kamera ya mlangoni niliichorea eneo lake kwenye programu, ili isihesabu kila mkokoteni unaopita barabarani.

Stima nayo. Ijumaa ya Agosti 25, 2023, nchi karibu nzima iliingia gizani. Mimi nilikuwa nimejiandaa: UPS, ile betri ya akiba, ya kushikilia ruta, boksi la faiba na ile swichi inayopeleka umeme na data kwa waya mmoja hadi kwenye kamera. Nilikuwa nyumbani Kayole nimetulia kabisa. Nikafungua simu, duka halionekani. UPS yangu ilikuwa inafanya kazi vizuri. Kilichozimika ni boksi la faiba la jengo zima, lililo chini ya ngazi, ambalo halina betri, na ambalo katika maisha yangu yote ya kupanga pale sikuwahi kuliuliza. Fuateni waya wenu kwa miguu, kutoka kwenye kamera mpaka unapotokea nje ya jengo, na kila boksi mtakalolikuta njiani muulize: stima ikipotea, hili linaishi kwa nini? Msimamizi wa jengo letu alikubali kuweka betri baada ya wapangaji sita kwenda ofisini kwake pamoja. Nami nikaongeza ruta yenye laini ya simu, inayoshika kazi faiba ikikatika.

Lakini kuna waya ambao hakuna mpangaji anayeweza kuufuata kwa miguu. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Kenya ikawa ya kusukuma kwa mkono. Kompyuta zinazohifadhi picha zangu haziko Nairobi. Hata kampuni inayokwambia data yako iko Afrika, mara nyingi ina maana ya Johannesburg au Cape Town, na njia ya kufika huko hupita baharini. Siku zile vipande vilikawia kupanda, na kilichoniokoa ni zile kadi ndani ya kamera: zilishika kila kitu, intaneti iliporudi sawa vikapanda vyenyewe. Kamera ya wingu isiyo na kadi ndani siinunui tena, hata ikishushwa bei kiasi gani.

Sasa nije kwenye kosa langu kubwa. Hili linaniuma kuliko wizi.

Mwanzoni nililipia siku 14 za kuhifadhi. Zilikuwa za bei nafuu, na siku kumi na nne zilisikika kama nyingi. Stoo yangu nahesabu mara moja kwa mwezi, mwisho wa mwezi. Mwezi mmoja tukakuta katoni ya nozo imepungua. Karatasi ya kupokea mzigo ilikuwa imesainiwa siku ya kumi na tisa nyuma, na sahihi ilikuwa ya kijana wangu wa kaunta, aliyekuwa amefanya kazi nami miaka mitatu. Nikafungua programu kutafuta siku ile. Haikuwepo. Wingu lilikuwa limeshaifuta, na kadi ya kamera ya stoo ilikuwa imeandikiwa juu yake siku nyingi.

Sikumwita mwizi. Nilimwuliza tu, "Mwanangu, hii katoni iliingia kweli?" Alinijibu kwamba alihesabu haraka kwa sababu wateja walikuwa wamejaa. Lakini aliona nilivyomwangalia, na wiki iliyofuata hakuja kazini. Miezi miwili baadaye aliyetuletea mzigo alinipigia simu: katoni ile ilikuwa imebaki kwenye gari lao ikaenda kwa mteja wa Thika. Picha za dakika tano za gari likishushwa mbele ya duka langu zingeonyesha katoni ngapi zimeingia, na yule kijana angekuwa bado kaunteni. Nilimpigia kumwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, mama." Anafanya kazi Industrial Area siku hizi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza alipie siku ngapi, namwuliza yeye kwanza: ukiibiwa leo kitu kidogo, utajua lini? Kinyozi anajua jioni. Chemisti anayehesabu dawa kila wiki anajua baada ya siku saba. Mimi najua mwisho wa mwezi, na ubishi na wenye mizigo unachukua wiki mbili zaidi. Siku zangu ni 60. Nazilipia kila mwezi na sijawahi kuona ni nyingi.

Na picha ukishaipata, ishushe siku hiyo hiyo, iweke mahali pengine, andika tarehe, saa na nani aliyeishusha. Jambo likifika mahakamani, Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti kutoka kwa anayehusika na mtambo, kinachoeleza rekodi ilivyotolewa. Wakili ndiye atakayeandika cheti hicho vizuri, lakini hawezi kuandika yale ambayo wewe hukuyaweka.

Sasa nije kwa fundi. Aliyenifungia mfumo ni kijana mchapakazi, mwaminifu, na siku ya kumaliza alisema, "Akaunti nimefungua na baruapepe yangu ili nisikusumbue, mama. Utatumia hii neno siri." Nikaona ni msaada. Miezi minne baadaye nikabadilisha simu, programu ikadai namba ya uthibitisho, na namba ile ikaenda kwenye simu yake. Alikuwa Kisumu kikazi. Siku mbili sikuwa na duka. Aliporudi alikuja mwenyewe kunirekebishia, akafungua programu mbele yangu, na orodha ikashuka kwenye kioo: chemisti, hadiwea, stoo ya nafaka, ofisi ya wakili. Kidole chake kikagusa saluni kwa bahati mbaya. Nikamwona mama mmoja amekaa chini ya mashine ya kukausha nywele, viatu amevua, anakula ndizi. Hakuwa na habari kwamba watu wawili wamesimama Grogan wanamwangalia.

Yule fundi hana ubaya. Lakini simu yake ikiibiwa kwenye matatu, ameibiwa yeye pamoja na maduka thelathini. Makampuni makubwa nayo yamefanya kosa hilo hilo. Machi 2021 wadukuzi waliingia kwenye mfumo wa Verkada, kampuni ya Marekani ya kamera za wingu, wakitumia akaunti moja ya usimamizi yenye nguvu kuliko zote, wakaweza kufikia kamera zipatazo 150,000: za hospitali, za jela, hata za Tesla. Hakuna kamera iliyovunjwa. Ni ufunguo mmoja uliofungua milango yote. Wakati wa kuchagua kampuni, uliza ni nani ndani ya kampuni anaweza kuona picha zako bila ruhusa yako, na kama unaweza kuziba njia hiyo. Wakikujibu kwa kukusifia kamera, ondoka. Na uthibitisho wa hatua mbili, ule wa neno siri pamoja na namba inayoletwa kwa simu yako, uwashe siku ya kwanza. Mimi nina akaunti mbili tu zenye nguvu zote, yangu na ya dada yangu. Vijana wa duka wanaona kaunta mubashara, hawawezi kufuta, hawawezi kushusha.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi, ingawa watu wengi mtaani hawana habari nayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu sura ya mtu kwenye kamera yako kuwa data yake. Biashara ndogo, yenye mauzo ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10, imesamehewa kujiandikisha kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, lakini uendeshaji wa CCTV za usalama umetajwa kati ya shughuli ambazo msamaha huo hauzigusi. Biashara ndogo inalipa shilingi 4,000, cheti kinadumu miaka miwili. Nililipa. Nikabandika mlangoni tangazo kwa Kiswahili kwamba kuna kamera na ni za nini, nikawaketisha wafanyakazi nikawaonyesha kwenye simu kila kamera inaona wapi. Walitaka ile ya pembeni, pale wanapokula mchana, igeuzwe. Niliigeuza. Maikrofoni zote nimezima. Mtu anapozungumza na mkewe kwa simu saa saba mchana, sina haja ya kumsikia.

Juni 25, 2025, siku ya maandamano, maduka ya katikati ya jiji yalipovunjwa, kamera yangu ya nje ilirekodi barabara nzima. Jioni watu kadhaa waliniomba nirushe vipande kwenye kundi letu la WhatsApp ili tuwatambue wezi. Nilielewa uchungu wao. Wengine walikuwa wamepoteza kila kitu. Lakini kwenye vipande vile waliokuwa wakikimbia walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa wanakimbilia nyumbani. Nikawaambia mwenye kesi aje na namba ya OB, nitampa mpelelezi kipande chake. Walikuja wawili, nikawapa wapelelezi wao. Mwaka 2023 Kamishna alilitoza klabu moja la Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, lakini hata kama faini isingekuwepo, sura ya kijana wa mtu anayekimbilia stejini si yangu kuigawa.

Gharama, kwa haraka. Kampuni nyingi hutoza kwa dola, kwa kila kamera, kila mwezi. Januari 2024 dola ilikuwa imevuka shilingi 160, kufikia katikati ya mwaka ikawa karibu 129. Kwa bili ya dola 50, hiyo ni tofauti ya zaidi ya shilingi 1,500 kwa mwezi bila kamera kubadilika hata moja. Weka pia VAT ya asilimia 16. Na uliza swali ambalo muuzaji halipendi: nikiacha kulipa, kamera hizi zitafanya nini? Zipo ambazo zinabaki mapambo ya ukutani. Zile zinazofuata ONVIF, kiwango kinachoruhusu vifaa vya kampuni tofauti kuelewana, unaweza kuzihamishia kwenye mfumo mwingine, na mimi nilichagua hizo ingawa zilikuwa ghali kidogo mwanzoni.

Wiki iliyopita mzee wa duka la beringi, mlango wa tatu kutoka kwangu, aliniletea kwotesheni ya kamera kumi na mbili. Karatasi mbili, zimepigwa muhuri vizuri. Tukampigia fundi wake, simu ikawekwa spika juu ya kaunta.

"Mwanangu," nikamwuliza, "akaunti utafungua kwa baruapepe ya nani?"

Akanyamaza kidogo. "Yangu kwanza, mama. Halafu nitawapa."

Mzee hakusema kitu. Alivaa miwani, akatoa kalamu mfukoni, akaandika baruapepe yake chini ya karatasi ya pili kwa herufi kubwa, moja moja. Kisha akainama kwenye simu na kumsomea, polepole, mpaka kijana akairudia yote bila kukosea.